Mahubiri Yaliyovuka Lango

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Mwanzo 4:1-10, Waebrania 12:22-24

 

Leo twaomba ruhusa tuzungumze nanyi kwa njia ya historia. Wengi hudhani kwamba historia ni kazi ya walimu wa shule tu. Lakini Musa aliwakumbusha Waisraeli njia yote waliyopita jangwani, na Stefano, kabla hajapigwa mawe, alihubiri kwa kusimulia habari za baba zao. Kukumbuka ni sehemu ya ibada. Nasi twataka kukumbuka jinsi Neno la Mungu lilivyohubiriwa katika upande huu wa Kaskazini, ili tupate kipimo cha mahubiri yetu ya leo.

Somo letu ni habari ya Kaini na Habili, ambayo hata watoto wa Shule ya Jumapili wanaijua. Kaini alimwua ndugu yake shambani, mahali pasipokuwa na shahidi. Ndipo Mungu akaja. Hakuanza kwa kumhukumu, wala kwa kumweleza mambo ya mbinguni. Alimwuliza habari za ndugu yake, yuko wapi. Kaini akakataa kujibu, akasema kwamba yeye si mlinzi wa ndugu yake. Tangu siku hiyo, kila mtu asimamaye kuhubiri kwa jina la Mungu huyu amebeba swali hilo mkononi, apende asipende. Mhubiri ni mtu anayetumwa kuwauliza watu, ndugu yenu yuko wapi? Na hawezi kuuliza vema ikiwa yeye mwenyewe hajavuka kwenda kumtazama huyo ndugu.

Sasa tutazame Isiolo. Mji wetu uko kiasi cha kilomita 280 kutoka Nairobi, mahali ambapo nchi ya vilima vya Meru inakwisha na nchi kavu inaanza. Ulianza kukua katika miaka ya 1920, Serikali ya kikoloni ilipoufanya kituo cha utawala wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wazee wetu huiita NFD. Baadhi ya askari wa Kisomali waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza walipewa nafasi ya kukaa hapa. Mifugo iliyotoka Kaskazini iliwekwa karantini hapa kabla ya kuuzwa kusini. Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wameru na Wasomali, wote walikutana kwenye mji huu mmoja, Waislamu kwa Wakristo, na watu wa dini za jadi pamoja nao.

Lakini mji huu ulikuwa pia lango, na lango lilikuwa na mlinzi. Kwa sheria ya mwaka wa 1902 Serikali iliweza kuzifunga wilaya za mbali, na Kaskazini yote ikafungwa. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka wa 1934 ikaja sheria nyingine iliyoruhusu kuadhibu ukoo mzima kwa kosa la mtu mmoja. Kwa hiyo watu wa Kaskazini walikua wakijiona kama watu wa nchi nyingine. Msafiri aliyepita Isiolo kuelekea kusini alisema, "Nakwenda Kenya." Na msemo huo haukufa siku ya Uhuru mwaka wa 1963.

Injili nayo ilikuta lango hilo limefungwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, misheni ya Kianglikana ilikuwa imekwisha kufika Kabare na Kigari, na Wamethodisti walikuwa Meru tangu mwaka wa 1912. Kutoka huko mtu aweza kuitazama nchi ya Kaskazini ikienea chini yake mpaka macho yachoke. Hata hivyo Serikali haikutaka wamisionari waingie kati ya wafugaji, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, kwa kuogopa fujo. Mnamo mwaka wa 1931 ndipo wamisionari wa chama cha Kianglikana kilichoitwa Bible Churchmen's Missionary Society walipoanza kazi Marsabit, mlima wenye msitu katikati ya jangwa. Miongoni mwao walikuwa Alfred Buxton, aliyekuwa ametumika Kongo, na Eric Webster.

Watumishi hao walijifunza Kiborana, wakaanza kufasiri Injili. Walifundisha watoto kusoma na kutibu wagonjwa. Ukitazama kwa hesabu za wanadamu, waliovuna walikuwa wachache sana. Mfugaji hakai mahali pamoja. Leo yuko hapa, mwezi ujao mvua imemwita kwingine, na darasa la ubatizo limehama pamoja na ngamia. Lakini walikaa, na walijifunza salamu ya watu. Waborana husalimiana kwa neno nagaa, maana yake amani. Mtu hawezi kuhubiri kwa watu wanaoulizana amani kila asubuhi kama hajui kuuliza nao.

Wakati huohuo Mungu alikuwa akifanya jambo jingine kusini na magharibi. Mnamo Septemba 1929, pale Namirembe katika mji wa Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyetumika Gahini nchini Rwanda. Wawili hao walisoma Biblia na kuomba pamoja, na tunajua yaliyofuata. Moto wa Uamsho uliwaka Gahini, ukaenea Uganda, na mwaka wa 1937 timu ya ndugu ikaja Kabete hapa Kenya. Uamsho ulibadili mahubiri katika Afrika Mashariki. Mahubiri yalikuwa yamezoeleka kuwa kazi ya mwenye kanzu. Sasa mpishi, mshonaji, mama muuza mboga, kila mmoja alisimama akashuhudia jinsi damu ya Yesu ilivyomsafisha. Wezi walirudisha walichoiba. Mweusi na mweupe walipatana mbele ya watu.

Kisha ushuhuda huo ukajaribiwa. Hali ya hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, kwa maana walisema wamekwisha kunywa damu ya agano la Kristo, nao hawawezi kuichanganya na nyingine. Wengi wao walikataa pia bunduki ya Serikali, kwa kuwa hawakuwa tayari kumwua ndugu yao. Walichukiwa na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Hawakuwa wanasiasa. Walikuwa wamelisikia swali la Mwanzo 4, nao wakalijibu kwa miili yao. Wasikilizaji wapendwa, hayo nayo yalikuwa mahubiri.

Turudi Isiolo. Mwaka wa 1963, miezi michache kabla ya Uhuru, watu wengi wa Kaskazini walitaka kujitenga na Kenya ili waungane na Somalia. Tarehe 28 Juni, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, alipigwa risasi akiwa safarini kikazi, pamoja na Chifu Haji Galma Dido. Mmoja aliitwa Daudi, mwingine aliitwa Haji, na damu yao ilimwagika katika safari moja. Nairobi kuna barabara yenye jina la Wabera, na watu wengi huipita kila siku bila kujua alikuwa nani.

Vikafuata vita tuviitavyo vita vya Shifta, mpaka mwaka wa 1967. Waborana wa Isiolo walikusanywa katika makambi, kama vile Garba Tula na Merti. Mifugo yao iliuawa au ilikufa kwa kukosa malisho, kwa sababu haikuruhusiwa kutoka. Watu waliokuwa na mali wakawa maskini wa kungojea chakula cha msaada. Waborana wenyewe huuita wakati huo gaf daba, yaani wakati mambo yote yaliposimama. Sheria za hali ya hatari katika sehemu hizi zilidumu mpaka mwaka wa 1991. Mambo hayo yalikaa miaka mingi bila kutajwa hadharani, hata Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipoyaandika katika ripoti yake ya mwaka wa 2013.

Twayataja haya kwa sababu yanahusu mahubiri. Katika miaka hiyo Wakristo wengi waliokuja Isiolo walikuwa askari, polisi, makarani, walimu na wafanyabiashara kutoka bara. Walikuja na Biblia zao na vitabu vyao vya nyimbo, wakakusanyika Jumapili wakaabudu kwa Kiswahili, na Mungu awabariki kwa uaminifu wao. Lakini jirani Mborana, akitazama kutoka ng'ambo ya barabara, aliona nini? Aliona kwamba kengele ya kanisa na lori la jeshi vilikuja kwa njia moja. Alidhani kwamba Yesu ni wa watu wa Kenya, wale wanaokaa miaka mitatu, wakapata uhamisho, wakaenda zao. Hapo ndipo penye uzito wa jambo letu. Kanisa laweza kujaa watu, kwaya ikaimba vizuri, mhubiri akatoa jasho, na mahubiri yasitoke nje ya mlango, kwa kuwa walio nje hawajawahi kuulizwa habari zao.

Sasa tusikie jinsi Mungu alivyolifungua jambo hili. Mwaka wa 1975, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, Josiah Mwangi Kariuki, aliuawa, na mwili wake ukaonekana katika vilima vya Ngong. Nchi nzima ilishikwa na hofu. Watu walinong'ona, hawakusema. Katika siku hizo David Gitari, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Biblia cha Kenya, alialikwa kutoa mazungumzo ya ibada ya asubuhi katika redio ya Sauti ya Kenya. Alifungua Mwanzo sura ya 4. Alieleza habari ya Kaini na Habili, kisha akaiuliza Kenya swali lilelile la Mungu kuhusu ndugu yao aliyeuawa. Mahubiri hayo ya dakika chache yalisikika majumbani na madukani. Hakutukana mtu wala hakumtaja muuaji. Alilisoma Neno, akaliacha liulize.

Mwaka huohuo Gitari aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Dayosisi mpya ya Mlima Kenya Mashariki. Ilianzia mashamba ya kahawa ya Kirinyaga na Embu, ikapita Meru na Isiolo, ikafika Marsabit hata mpaka wa Ethiopia. Hivyo mtu aliyeuliza swali redioni alipewa kundi ambalo nusu yake ilikaa kusini mwa lango, na nusu kaskazini.

Wengi wanamkumbuka Gitari kwa mahubiri yake juu ya haki. Mwaka wa 1987 alihubiri kutoka Danieli sura ya 6, habari za sheria mbaya iliyopitishwa kwa haraka ili kumnasa mtu mwema, wakati nchi ilipokuwa ikibishana juu ya upigaji kura wa mlolongo. Usiku mmoja wa mwezi Aprili 1989, majambazi walivamia nyumba yake Kirinyaga. Alipanda juu ya paa, zikapigwa kelele, majirani wakaja mbio, akaokoka. Tazameni jambo hili, wapendwa. Yule aliyewauliza Wakenya habari za ndugu yao, ndugu zake walipoulizwa usiku ule waliitika.

Lakini wachache wanakumbuka kazi yake ya Kaskazini, na kwa maoni yetu kazi hizo mbili zilikuwa moja. Katika miaka ya 1980, dayosisi ilipeleka wainjilisti kati ya Wagabra na wafugaji wengine. Hawakungoja mpaka jengo la mawe lipatikane. Walifundisha chini ya mti. Kambi ilipohama, mwinjilisti alihama. Hawakumvuta mtu mmojammoja kutoka kwa jamaa yake kama mtu achomoaye kuni katika mzigo. Walizungumza na wazee na jamaa pamoja, wakajibu maswali yao polepole. Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Askofu aliyehubiri redioni alijua kwamba sauti ya redio hufika mbali, lakini haiwezi kuketi na mtu aliyefiwa wala kushika kikombe cha maziwa anachopewa. Kwa hiyo alituma miguu ifuate sauti.

Na Kaskazini yenyewe ikatoa wahubiri wake. Andrew Adano, mwana wa nchi hiyo, akawa Askofu msaidizi, akatumika Marsabit hata alipofariki katika ajali ya helikopta mwaka wa 1996. Baada yake akaja William Waqo. Tarehe 12 Julai 2005, kijiji cha Turbi kilivamiwa alfajiri, wakauawa watu zaidi ya 50, wakiwamo watoto wa shule. Jamaa mbili zilizosalimiana kwa lugha moja zikawa adui. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iliyowapeleka viongozi Marsabit kwa mkutano wa amani ilianguka karibu na mji. Watu 14 walikufa, wabunge watano na maofisa wa Serikali miongoni mwao, na Askofu Waqo pamoja nao. Alikufa akiwa njiani kwenda kuwauliza watu wake habari za ndugu zao.

Tumesema historia. Sasa tuseme ya leo. Lami imetoka Isiolo ikafika Moyale, kiasi cha kilomita 500, na vibali vya kupita lango vimekwisha. Lakini lango la moyoni halikuondolewa na wajenzi wa barabara. Mwaka wa 2011 na 2012 tuliona mapigano hapa Isiolo, nyumba zikachomwa na watu wakakimbia. Na kila panapotokea wizi wa mifugo, mhubiri hujaribiwa kwa njia moja. Jumapili inayofuata, katika maombi, atawataja wafu wa nani? Ni rahisi kuomba kwa ajili ya wetu waliouawa, na kuwaombea wengine "watubu." Wasemao damu ni nzito kuliko maji wanasema kweli. Lakini Mwandishi wa Waebrania anatuambia kuna damu nyingine, inenayo mema kuliko ile ya Habili. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini ikidai. Damu ya Yesu inalilia watu wote wa pande zote, nayo ni nzito kuliko ukoo.

Basi tuna mambo matatu ya kushika.

La kwanza ni kwa wahubiri. Fungueni Neno, msilikimbie. Mtu asimamaye mimbarani na kusimulia mambo yake mwenyewe kwa saa nzima, kisha akasoma mstari mmoja mwishoni, amewanyima watu chakula. Someni sura yote, elezeni maana yake, kisha mwulize Neno hilo linasema nini juu ya wiki iliyopita katika mji huu.

La pili ni kwa Wakristo waliotoka bara. Miaka mitatu ya kazi si midogo. Yatosha kujifunza salamu, kujua jina la mtoto wa jirani, kwenda msibani Manyatta au Merti. Mkiondoka bila jirani hata mmoja kuwalilia, mlikaa Isiolo kama mizigo iliyowekwa ghalani.

La tatu ni kwa ndugu zetu wa Kaskazini mliomwamini Yesu. Mnajua uzito wake mbele ya jamaa zenu. Msifikiri kwamba mmekuwa watu wa Kenya na kuwaacha watu wenu. Kanisa linawahitaji mhubiri kwa Kiborana, kwa Kigabra, kwa Kisamburu na kwa Kiturkana, mkikaa kwa amani na majirani Waislamu, mkiwaheshimu. Injili ilipofika Marsabit mwaka wa 1931 ililetwa na wageni. Imekwisha kuwa na wenyewe.

Jioni ya leo, kabla hamjalala, tafuteni jina la mtu mmoja wa upande wa pili, yule ambaye watu wenu hawamtaji kwa wema. Mtajeni mbele za Mungu kwa jina lake. Kesho mwulizeni hali.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, uliyeisikia sauti ya damu ya Habili, isikie damu iliyomwagika katika nchi yetu, ya Daudi na ya Haji, ya watoto wa Turbi, na ya wale ambao majina yao wayajua wewe peke yako. Uwape wahubiri wako ujasiri wa kuuliza na miguu ya kwenda. Ulinde Isiolo na watu wake wote. Kwa ajili ya Yesu Kristo, ndugu yetu aliyetoka nje ya lango akafa kwa ajili yetu. Amina.